Fonti ya autilaini kwenye bango, fulana na stika za tamasha la watoto: itumike wapi, iachwe wapi?

GrafikiMoro aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Kuna tamasha la watoto la wakati wa likizo, na mteja ameipenda Londrina Outline, ile fonti ya kuchezacheza yenye herufi zilizochorwa mstari wa nje tu, ndani pakiwa wazi. Anaitaka kila mahali:

– bango la fleksi la mita 3 kwa 1, nyuma yake picha ya watoto wakicheza
– fulana 60 za pamba, buluu iliyokoza, maandishi meupe kifuani
– stika za mduara za sentimita 6
– kichwa cha ukurasa wa wavuti

Maneno makuu ni KARIBUNI WATOTO. Chini yake MNAKARIBISHWA NYOTE, kisha tarehe, mahali, namba ya simu na majina ya wadhamini.

Kwenye kompyuta inapendeza. Nikiweka picha nyuma, herufi zinapotea. Nikiipunguza hadi kipimo cha stika, mistari karibu haionekani. Nataka kujua mambo matatu: unene wa mstari uwe kiasi gani kwa kila kazi, nitajazaje rangi ndani bila kuharibu umbo, na wapi nimwambie mteja hapana. Natumia CorelDRAW, na Inkscape pia ipo.

---

FundiMabango alijibu:

Mkuu, mteja wako amechagua vizuri, ila amechagua fonti ya kichwa cha habari na sasa anaifanyisha kazi ya karani. Londrina ni kazi ya Marcelo Magalhães wa Brazil, na ilianzia kwenye maandishi ya mkono ya mitaani São Paulo. Ndiyo maana miguu ya herufi hailingani na mistari inayumba kidogo. Huo uyumbaji ndio raha yake, na unaonekana herufi ikiwa kubwa tu. Ikipungua, jicho linaona uchafu.

Tuanze na unene, kwa sababu maswali yako yote matatu yanategemea hapo. Fonti ya autilaini haina unene mmoja. Mstari unakua na kupungua pamoja na herufi. Kwa hiyo usikisie. Andika herufi I kwa pointi 100, igeuze kuwa mistari (Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape), kisha pima upana wa mstari wenyewe sehemu tatu: juu, katikati, chini. Imechorwa kwa mkono, kwa hiyo vipimo vitatofautiana. Chukua kile chembamba kuliko vyote. Hesabu inayobaki ni rahisi:

ukubwa wa fonti = 100 × unene unaoutaka ÷ unene uliopima

Kwa mfano, ukipata milimita 0.7 kwenye pointi 100 na unataka milimita 6, fonti iwe ya pointi 857 hivi, yaani takriban sentimita 30 kwa kipimo cha fonti. Herufi kubwa yenyewe itakuwa fupi kuliko hapo, kwa sababu kipimo cha fonti kinabeba pia nafasi ya juu na ya chini.

Kwa nini milimita 6? Jicho zima la kawaida, mchana, linaweza kutenganisha kitu cha karibu milimita 3 kwa umbali wa mita 10. Hapo ndipo mwisho wa uwezo, siyo mahali pa kusomea kwa raha. Zidisha mara mbili: milimita 6 kwa kila mita 10. Kama bango litatundikwa getini na watu walione kutoka ng'ambo ya barabara, mita 20, mstari mtupu unahitaji milimita 12. Kwenye bango la mita 3 hutaupata huo kwa KARIBUNI WATOTO kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo bango lako lazima lijazwe rangi ndani. Rangi ikiwepo, msomaji anasoma umbo zima la herufi, na mstari unabaki kuwa urembo wa pembeni.

Kuhusu picha nyuma: herufi tupu juu ya picha haifanyi kazi, na hakuna namna ya kuiokoa kwa kubadili rangi ya mstari. Ndani ya herufi kunaonekana picha, nje kunaonekana picha ileile, kwa hiyo jicho halina cha kushika. Ama weka rangi moja ndani ya herufi, ama sogeza picha upande mmoja na maneno yakae juu ya rangi bapa. Ningechukua ya kwanza: njano ndani, mstari wa buluu iliyokoza. Njano na buluu ya hivyo hazifanani hata jua likishachakaza fleksi.

Namna ya kujaza bila kuharibu umbo:

1. Geuza maneno kuwa mistari. Hifadhi nakala ya faili yenye maandishi halisi kabla ya hapo, mteja akibadilisha neno usianze upya.
2. Fanya nakala ya tabaka, ifunge ya juu. Fanya kazi na ya chini.
3. Vunja herufi ya chini ipatikane mizingo yake, yaani mistari iliyofungwa inayounda umbo lake (Ctrl+K kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+K kwenye Inkscape). Herufi I inatoa mizingo miwili: wa nje na wa ndani wa mstari. A na O zinatoa minne, kwa sababu hata tundu la katikati lina mstari wake. B inatoa sita.
4. Futa mzingo wa nje kabisa, na kwa A, O, B, R futa pia mzingo wa ndani kabisa wa kila tundu. Kinachobaki ni eneo la rangi tu. Unganisha iliyobaki irudi kuwa umbo moja lenye tundu (Ctrl+L kwenye CorelDRAW).
5. Nenepesha umbo hilo kwa nusu ya unene wa mstari, ili rangi iingie chini ya mstari hadi katikati yake.

Hatua ya 5 ndiyo wengi wanairuka. Usipoinenepesha, uzi mweupe unajitokeza kati ya rangi na mstari. Ukiipitisha hadi ukingo wa nje, rangi inachungulia nje. Nusu inakupa nafasi sawa pande zote mbili.

Onyo la mwisho kwa bango: kama unachora kwa 1:10 na umeongeza mistari yako mwenyewe ya kawaida (fremu, nyota, mawingu), hakikisha imewekewa alama ya kukua pamoja na kitu. La sivyo utakuza bango mara kumi na fremu ya pointi 2 itabaki pointi 2. Herufi za fonti hazina tatizo hilo kwa sababu mstari wake ni umbo, siyo kalamu. Picha ya nyuma inatosha dpi 100 (nukta 100 kwa inchi) kwa kipimo halisi, yaani upana wa pikseli 11,811 kwa mita 3. Zaidi ya hapo unaipa mashine mzigo bure.

---

WinoNaSkrini alijibu:

FundiMabango kamaliza habari ya bango. Mimi nizungumzie fulana, kwa sababu nyeupe juu ya buluu iliyokoza kwa herufi za mstari ni mahali pagumu kuliko zote ulizotaja.

Kitambaa cha skrini (wavu unaopitisha wino) cha 43T kina nyuzi 43 kwa sentimita, kwa hiyo kutoka uzi hadi uzi ni kama milimita 0.23. Mstari wa milimita 0.5 unakaa juu ya nyuzi mbili tu. Ukingo wake utatoka na meno, hasa pale mstari unapokaribia kwenda sambamba na uzi. Kwenye 77T umbali ni milimita 0.13, mstari uleule unabebwa na nyuzi karibu nne, na ukingo unatulia. Shida ya 77T ni kwamba inapitisha wino kidogo, na nyeupe juu ya kitambaa cheusi au buluu inataka wino wa kutosha. Kwa hiyo ni kupiga, kukausha juujuu, kupiga tena, bila fulana kusogea kwenye meza. Pigo la pili linanenepesha mstari kidogo. Kwa herufi za mstari huo ni msaada, ila linaziba matundu madogo ya A na R.

Lenga mstari wa milimita 1 usipungue. Kwa upana wa sentimita 28 kifuani, panga KARIBUNI juu na WATOTO chini. Mistari miwili inakupa herufi kubwa karibu mara mbili ya mstari mmoja, na unene unafuata.

Mahali kazi inapoharibikia ni kwenye kuchoma fremu (kuipiga mwanga kupitia filamu ili dawa iliyopakwa kwenye skrini igande, maandishi tu yabaki wazi), kabla hata ya wino kuguswa:

– Filamu isiyo nyeusi vya kutosha. Karatasi angavu iliyochapwa kwa printa ya leza mara nyingi inapitisha mwanga. Sehemu pana zinavumilia, mistari myembamba inaganda pamoja na dawa na haifunguki ukiosha. Ishike filamu juu ya taa: ukiona mwanga kupitia kwenye nyeusi, chapa mbili uzipandanishe.
– Kuchoma kupita kiasi. Mwanga unaingia chini ya ukingo wa filamu na kula mstari pande zote mbili. Mstari wa milimita 1 hauhisi sana, wa 0.4 unakwisha.
– Filamu kutoshikana na dawa. Uso wenye wino ndio ulale juu ya dawa, kioo kikandamize. Pengo dogo tu linatosha kumeza mistari.

Ukitumia plastisoli (wino wa plastiki unaoiva kwa joto), wino wote uive hadi karibu nyuzi 160 za Selsiasi, siyo uso tu. Mistari myembamba isiyoiva inapasuka na kumenyuka mapema kuliko maumbo mapana, kwa sababu eneo lake la kushika nyuzi za fulana ni dogo.

Sasa pendekezo ambalo ningelipigania mbele ya mteja: geuza kazi. Piga ndani ya herufi kwa nyeupe, na mstari uwe ni fulana yenyewe. Unatumia lile umbo la rangi la hatua ya 4 (usilinenepeshe, hapa hakuna mstari wa kulifunika), kisha unaongeza ukanda mweupe kuzunguka nje ya herufi. Kati ya ndani na ukanda inabaki njia ya buluu. Kwa macho ni autilaini ileile, wino ni wa rangi moja, fremu ni moja, na neno linasomeka kutoka ng'ambo ya uwanja. Njia hiyo ya buluu iwe milimita 1.2 au zaidi, maana wino unatambaa kuingia ndani yake kutoka pande zote mbili.

---

StikaPlota alijibu:

Kwenye stika ya sentimita 6 usitumie Londrina Outline. Fanya hesabu: ukiacha milimita 5 kila upande unabaki na sentimita 5, na KARIBUNI ina herufi nane. Kila herufi inapata kama milimita 6. Kwa mfano wa FundiMabango, mstari utakuwa kama robo milimita.

Kukata vinaili (plastiki nyembamba yenye gundi) kwa unene huo hakufai. Kisu kinapita pande zote mbili za mstari, utepe unainuka na kufuata kisu, na ukinyofoa mabaki herufi nayo inakuja. Kwa vinaili ya kawaida usishuke chini ya milimita 2 kwa utepe mrefu. Kwa vinaili ya kubandika fulana kwa joto 1.5 inawezekana, kisu kikiwa kipya.

Kuchapa kisha kukata mduara tu inawezekana, ila mstari uwe wa wino mmoja, mathalani nyeusi asilimia 100. Buluu iliyochanganywa na wino mbili au tatu, kwa robo milimita, inahitaji wino zote zikae juu ya nywele ileile. Zikihama kidogo unapata vivuli vya rangi pembeni.

Tumia Londrina Solid. Ni ya familia hiyohiyo, ina unene wa aina nne, na mteja hataona kuwa umemtoa kwenye alichokipenda. Acha nje ya mduara milimita 2 za rangi ya ziada kwa ajili ya kisu.

---

TovutiTu alijibu:

Naona mnapita njia ndefu. Kwa nini usichukue Londrina Solid nene kabisa, ukaiwekea mstari mwenyewe? Unene unaamua wewe, rangi ya ndani ipo tayari, na hakuna kuvunja mizingo. Kwenye wavuti ni mistari michache:

`font-family: "Londrina Solid"; font-weight: 900;`
`color: #ffd400; -webkit-text-stroke: 6px #12235a;`
`paint-order: stroke fill;`

Ule mstari wa mwisho ni wa lazima. Mstari unachorwa katikati ya ukingo wa herufi, nusu ndani, nusu nje. Bila `paint-order`, pikseli 3 zinakula ndani ya herufi na rangi ya ndani inakonda. Ukiiweka, rangi inalala juu ya mstari, na kinachoonekana ni pikseli 3 za nje. Kwa hiyo ukitaka 6 zionekane, andika 12. Ongeza na `letter-spacing` kidogo, la sivyo mistari ya herufi jirani inapandana.

Faida nyingine: maneno yanabaki maandishi. Yanatafutika, yanasomwa na programu za wasioona, na mteja anaweza kuyabadilisha.

---

FundiMabango alijibu:

TovutiTu, kwa wavuti nakubaliana nawe kabisa. Kwa maandishi yaliyochapwa nakubali nusu.

Mstari wa kuongezwa na programu una unene mmoja kila mahali. Londrina Outline ilichorwa, mstari wake unapumua, na nafasi kati ya herufi ilipangwa ukiwa umeshazingatiwa. Weka KARIBUNI ya aina zote mbili kwa urefu wa sentimita 20 ukutani, utaona moja imeandikwa na mkono na nyingine na mashine. Kwa bango la watoto tofauti hiyo ina thamani.

Pili, pembe. M, N, W, A na K zina kona kali. Programu ikiachwa na kona za kuchongoka, mstari mnene unatoa miiba mirefu kwenye kilele cha A na miguu ya W. Chagua kona za mviringo. Hilo peke yake linatibu tatizo, na linafaa tabia ya fonti hii. Ukitaka kona kali zibaki, punguza kikomo cha mwiba (miter limit). Kipimo cha kawaida cha SVG ni 4, programu nyingine zinaanzia 10, na hapo ndipo miiba inapotoka.

Tatu, fonti zinazobadilika unene kwa kitelezi mara nyingi zina maumbo yanayopandana ndani ya herufi moja. Ukiwekea mstari bila kuziunganisha kwanza, mistari inakatiza katikati ya herufi. Kuchapa mstari huo kwenye fleksi ya mita 3 ni hasara ya fleksi nzima.

Kama kazi inahitaji matabaka mengi, yaani rangi ya ndani, mstari na kivuli, ipo Bungee ya David Jonathan Ross, Mmarekani. Ilitoka mwaka 2016 na ilikusudiwa tangu mwanzo kwa mabango: Regular, Inline, Outline na Shade zimepangwa zipandane. Unaandika neno mara tatu mahali pamoja, kwa ukubwa mmoja, kila tabaka rangi yake. Sharti ni nafasi kati ya herufi ziwe sawa kwenye matabaka yote. Ukiiacha programu ikadirie nafasi kwa macho yake, kila tabaka litapata kadirio lake na kivuli kitahama. Bungee ina mpangilio wa kuandika wima pia, herufi chini ya herufi, na hiyo inafaa sana nguzo ya geti. Tabia yake ni ya mjini zaidi, nzito, haina ule utoto wa Londrina.

Leseni zote mbili ni OFL, yaani leseni huria ya fonti. Unaruhusiwa kuchapa kwa biashara, kuweka kwenye wavuti, hata kurekebisha. Huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake.

---

GrafikiMoro aliuliza tena:

Asanteni sana wakuu. Fulana naigeuza kama alivyosema WinoNaSkrini, stika naweka Solid, wavuti nafuata TovutiTu. Limebaki moja: MNAKARIBISHWA NYOTE, tarehe, simu na wadhamini. Mteja anataka nazo ziwe autilaini ili "zifanane".

---

WinoNaSkrini alijibu:

Hapo ndipo pa kusema hapana.

MNAKARIBISHWA ni herufi 13, ina M mwanzoni na W karibu na mwisho, ambazo ndizo pana kuliko zote. Ili iingie chini ya KARIBUNI WATOTO lazima uipunguze, na ukiipunguza mstari unaondoka nayo. Iandike "Mnakaribishwa nyote" kwa herufi ndogo, Londrina Solid ya kawaida. Herufi ndogo ni nyembamba, na urefu wa k, b na h unalipa neno umbo ambalo mtoto wa darasa la pili analitambua.

Tarehe, simu na wadhamini wasiguse familia ya Londrina kabisa. Namba ya simu inasomwa tarakimu kwa tarakimu, na mtu anainakili akiwa amesimama juani. Weka fonti ya kawaida isiyo na mapambo, nene, kwa vikundi vya tarakimu tatu tatu. Nembo za wadhamini zibaki kama walivyozitoa, maana wengi wana masharti juu ya hilo.

Na mkibadilisha kaulimbiu ikaingia neno lenye ng', kama ng'ara, tumia alama ya kupinda ’ badala ya ile iliyonyooka, na uikuze uiangalie. Kwenye fonti za autilaini ndiyo alama ndogo kuliko zote, uwazi wake wa ndani unaziba kabla ya herufi yoyote. Ikiziba, ijaze kabisa iwe nyeusi, hakuna atakayegundua.

---

FundiMabango alijibu:

Kabla hujatuma faili kwa mchapaji: chukua herufi moja ya bango kwa kipimo halisi, ile yenye tundu, A au R, uichape kwa A4. Ikizidi karatasi, kata vipande viwili ubandike. Itundike nje kwa umbali ambao watu watasimama, saa sita mchana na tena jioni. Mwite mteja aone. Ubishi wa autilaini na rangi ya ndani unaishia hapo kwa karatasi mbili.

Kisha tuma PDF yenye maandishi yaliyogeuzwa mistari, pamoja na picha ndogo ya JPG ya jinsi kazi inavyotakiwa kuonekana. Mchapaji akifungua PDF na matundu ya herufi kama A na R yamejaa rangi ya ndani, ujue mizingo haikuunganishwa baada ya kuvunjwa. Rudi hatua ya 4, Ctrl+L.